Wikiendi ndefu Sighișoara: mji wa mafundi unaouzwa kwa jina la Dracula

ALHAMISI

Ndege ilitua Sibiu saa nne asubuhi, kiwanja chenyewe kidogo tu, dakika kumi nlikuwa nje natafuta basi la kwenda stesheni. Hakuna aliyenigongea muhuri wala kuniuliza naenda wapi, maana toka Januari 2025 Romania imeingia mazima Schengen, yani ule ukanda wa nchi za Ulaya zisizokaguana mipakani, anga na ardhi, kwahiyo kama una kibali cha kuishi Ujerumani kama mimi viza huhitaji. Ila pasipoti beba bana, usijifanye mjuaji.

Sibiu nimeiruka makusudi, ni mji mzuri na mkubwa na kila mtu anauandika, mimi nlikuwa nataka kwenda Sighișoara, tamka Sigishoara, mji mdogo wa watu elfu ishirini na kitu huko huko Transilvania, katikati ya Romania. Treni ya kwanza ilikuwa ya mabehewa mawili, inaenda taratibu mpaka unaweza kuhesabu kuku kwenye nyua za watu. Tukapita Copșa Mică. Hapa zamani palikuwa na kiwanda cha masizi, yale meusi yanayotumika kutengenezea matairi, na kingine cha kuyeyusha madini ya risasi na zinki, na mji mzima ulikuwa mweusi, nyumba nyeusi, miti myeusi, mpaka kondoo weusi. Cha masizi kilifungwa 1993. Sasa hivi pamebaki magofu na bomba refu, majani yameota kila mahali, na mama mmoja aliyekaa mbele yangu alipoona nachungulia akafanya ishara ya kuziba pua afu akacheka.

Nikabadilisha treni Mediaș, nikafika Sighișoara jua likiwa bado lipo. Ukitoka stesheni unatembea kidogo unafika mto Târnava Mare, hapo kabla ya daraja kuna kanisa kubwa la Waorthodoksi lililojengwa miaka ya 1930, na ukiinua macho ng'ambo ya mto ndo unaiona ngome yenyewe juu ya kilima, minara minara, mapaa mekundu, na ule Mnara wa Saa umesimama mbele ya wote. Mji uko mara mbili, kuna mji wa chini wenye maduka, benki na watu wanaoishi maisha yao, na kuna mji wa juu ndani ya ukuta, wanauita Cetate. Tangu 1999 huo wa juu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na kinachoutofautisha na ngome nyingine nyingi ni kwamba watu bado wanaishi mle, wanaanika nguo, paka wamelala madirishani, kuna mzee anatengeneza baiskeli yake mlangoni.

Nlipanga chumba ndani ya ngome na sijuti, ila mtu asikudanganye, sanduku la magurudumu kwenye ile barabara ya mawe ya mviringo ni adhabu, kelele yake iliwatoa watu madirishani. Nyumba niliyolala ukuta wake ni mnene kiasi kwamba dirisha lina kina cha mkono mzima, simu haishiki mtandao mpaka utoke uani.

Chakula cha usiku. Hapa Waislamu wenzangu mkae mkao wa kusoma maana Transilvania nguruwe ni kila kitu, yumo kwenye supu, yumo kwenye maharage, yumo kwenye kabichi. Nikamuuliza dada wa mgahawani kwa Kijerumani, akanielewa, akasema basi kula mămăligă. Ikaja sahani, naangalia, ugali! Ugali wa njano kabisa, wa mahindi, umewekwa jibini la chumvi na maziwa mazito ya mgando juu. Nikaumega kwa mkono bila kufikiri na meza ya pembeni wakaniangalia kweli kweli. Ni laini kidogo kuliko wetu, mgonjwa anaweza kumeza, lakini ni ugali, na kwao pia kilikuwa chakula cha wakulima kabla mahoteli hayajaanza kuupamba.

IJUMAA

Nimeamka mapema niwahi kabla ya mabasi ya watalii wa siku moja, hao wanafika kama saa nne wakitoka Brașov na Sibiu, wanapiga selfi, wanakula, jioni hawapo. Asubuhi saa moja uwanja wa ngome ulikuwa wangu na mfagiaji mmoja.

Mnara wa Saa una urefu wa mita 64 na ulikuwa ndo geti kuu la ngome na pia ofisi ya halmashauri ya mji. Juu ya paa kwenye pembe nne kuna viminara vinne vidogo, nlidhani ni mapambo, kumbe ni tangazo, vina maana kwamba halmashauri ya mji huu ilikuwa na mamlaka ya kuhukumu mpaka kifo, yani mgeni akiwa bado yuko mbali barabarani anajua kabisa huko anakoenda asilete ujinga. Paa la zamani liliteketea kwenye moto wa 1676, moto ulioanzia mji wa chini ukala sehemu kubwa ya mji, tena Mnara wa Mafundi Cherehani ulikuwa umewekwa baruti ukalipuka. Mwaka uliofuata wakaanza kuujenga tena mnara wa saa, na hayo ndo mapaa tunayoyaona leo, vigae vya rangi waliviweka baadaye.

Kitu kilichonishika pale ni wale wanasesere wa mbao. Upande unaotazama mji wa chini, pembeni ya saa kuna kijumba, ndani kuna sanamu saba za miungu ya kale, kila moja na siku yake ya wiki, na usiku wa manane mtambo unazunguka sanamu inayofuata inatokea. Leo Ijumaa kwahiyo alikuwa zamu Venus. Jana usiku nlikuwa nimepita nikamuona Jupiter wa Alhamisi nikadhani ni huyo huyo yuko siku zote. Upande wa ndani ya ngome wapo wengine, Amani ameshika tawi la mzeituni, juu yake Haki, na malaika wawili wa Mchana na Usiku. Ukipanda ngazi za ndani, ambazo ni nyembamba na za mbao na zinalia kila hatua, unapita nyuma ya hao wanasesere unawaona migongo yao, gia zao, rangi ilivyobanduka. Binafsi nlifurahia migongo kuliko nyuso.

Humo ndani ni makumbusho ya mji toka 1899, kuna vyombo vya duka la dawa la zamani, vifaa vya upasuaji ambavyo mimi kama nesi niliviangalia mara mbili nikashukuru Mungu nimezaliwa lini, na juu kabisa kuna roshani ya kuzunguka yenye vibao vinavyoonyesha miji ya dunia iko umbali gani. Nikaitafuta Dar nikachoka. Mwongozaji mmoja alikuwa anawaonyesha wenzie upande wa Albești, huko ndo jeshi la Urusi liliwapiga Wahungari tarehe 31 Julai 1849 na mshairi wao mkubwa Sándor Petőfi akapotea humo vitani, mwili haukupatikana mpaka leo.

Sasa Dracula. Haya, tumalize. Hatua chache toka mnarani kuna nyumba ya rangi ya haradali, hapo Vlad Dracul aliishi kati ya 1431 na 1435 kabla hajaenda kutawala Wallachia, kusini mwa Romania ya leo, na inasemekana mwanae, yule Vlad Țepeș aliyekuja kuwatumbukiza watu kwenye vigingi, ambaye ndo wanamuita Dracula, alizaliwa hapo. Chini ni mgahawa, juu kuna chumba cha kutishia watalii, mataa mekundu na jeneza, unalipa lei kidogo, ndo pesa ya Romania. Nliingia ndio, siwezi kusema uongo, nikatoka ndani ya dakika tatu. Mjini kote ni vikombe vya Dracula, fulana za Dracula, sumaku za friji za meno ya Dracula, na aliyeandika ile riwaya ya mnyonya damu mwaka 1897 ni Muireland ambaye hakuwahi kukanyaga Romania hata siku moja. Huyo mtoto kama kweli alizaliwa hapo basi aliondoka akiwa hata meno hayajamaliza kuota! Waliojenga huu mji ni watu wengine kabisa na hao hawana hata sumaku moja ya friji.

Ni Wasaksoni. Wafalme wa Hungaria waliwaita toka nchi za Wajerumani kuanzia miaka ya 1100 waje kulinda mpaka na kufungua ardhi, wakakaa zaidi ya miaka 800 wakizungumza Kijerumani chao. Mji wao huu waliuita Schäßburg. Nawajua kwa sababu nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee Nürnberg, na pale tulikuwa na bibi mmoja mzaliwa wa hapa, kila nikimchana nywele ananihadithia ngazi, mnara, na baridi ya shule, mimi naitikia tu ndio bibi, ndio bibi. Vita ilipokaribia kuisha, Januari 1945, vijana na watu wazima wao wengi walisombwa kwenda kufanya kazi za shuruti Umoja wa Kisovieti, miaka ya Ceaușescu, dikteta wa Romania, Ujerumani Magharibi ikawa inalipa pesa kwa kila mtu anayeruhusiwa kuondoka, na mpaka ukafunguka 1990 wakaondoka vijiji kwa vijiji. Waliobaki hapa ni wachache sana na wengi wao wazee.

Mchana niliswali chumbani, msikiti hapa hamna, Waislamu wa Romania wengi ni Watatari na Waturuki na wako mbali huko Dobrogea upande wa bahari. Afu alasiri nikaingia Kanisa la Monasteri karibu na mnara, lilikuwa la watawa wa Dominiko, linatajwa kwenye maandishi toka 1298, baadaye likawa la Walutheri. Nliingia kukwepa jua tu. Naingia, naangalia ukutani, nikasimama. Mazulia. Mazulia ya Kituruki ya enzi za Ottoman yametundikwa ukutani na kwenye mbao za benchi, mekundu na ya njano iliyopauka, na kadhaa ni miswala kabisa, ina mihrabu imefumwa katikati, ile shepu ya tao ninayoijua toka nikiwa mtoto Tanga nikiswali nyuma ya bibi yangu. Ndani ya kanisa la Kilutheri, chini ya kinanda cha mabomba!

Nikamuuliza mama anayekaa mlangoni, akafurahi kupata mtu wa kuuliza kitu kisicho cha Dracula. Anasema Transilvania ilikuwa chini ya himaya ya Ottoman ikilipa kodi, wafanyabiashara wakawa wanaleta mazulia toka Anatolia, huko Uturuki, yalikuwa mali ya thamani, na Wasaksoni walipoingia Ulutheri katikati ya miaka ya 1500 picha za watakatifu zikaondolewa, kuta zikapakwa chokaa, kanisa likawa jeupe tupu. Basi matajiri na vyama vya mafundi wakawa wanayatoa sadaka, na benchi la chama fulani linatandikwa zulia lake. Nilikaa pale muda mrefu. Moja lilikuwa chini kidogo usawa wa macho, nikaliangalia kwa karibu bila kugusa, sehemu ya juu ya mihrabu sufi imelika mpaka nyuzi za chini zinaonekana, sehemu ya magoti bado nzima. Sasa lilika likiwa Uturuki au lilika humu benchini sijui, lakini lilika kwa kutumiwa, sio kwa kutundikwa.

JUMAMOSI

Leo ni siku ya kupanda. Toka uwanjani unapita barabara ya shule unafika kwenye Ngazi ya Wanafunzi, ni ngazi ya mawe na mbao iliyofunikwa na paa mwanzo mwisho, ilijengwa 1642 ili watoto wa shule na waumini wapande kilimani wakati wa theluji bila kuteleza. Zamani ilikuwa na vidato 300, vikapunguzwa, sasa ni zaidi ya 170 kidogo. Ndani ni giza lenye mistari ya mwanga unaopenya kwenye mbao, inanukia mbao kuukuu, na katikati ya kila kidato pamebonyea kwa miguu ya watu. Kuna kijana alikuwa anapiga gitaa katikati ya ngazi na kofia yake chini, sauti ilikuwa inazunguka mle ndani vizuri kuliko studio, nikampa lei tano.

Juu ni shule yenyewe, bado inafundisha kwa Kijerumani mpaka leo ingawa wanafunzi sasa wengi ni Waromania. Hermann Oberth, mmoja wa waanzilishi wa sayansi ya roketi duniani, alizaliwa Sibiu 1894 lakini utoto wake na shule yake ni hapa. Uwanja mkuu wa mji wa chini una jina lake, watu wanakula aiskrimu pale wala hawamfikirii.

Kanisa la Kilimani lilijengwa taratibu toka 1345 mpaka 1525, ndani baridi hata mwezi wa saba, kuna mabaki ya michoro ya ukutani iliyokuwa imefichwa na chokaa na handaki la makaburi chini. Zuri, nenda, lakini mimi kilichonikalisha ni makaburi ya nje. Mteremko mzima ni makaburi ya Wasaksoni chini ya miti mikubwa, mizabibu pori imetambaa, na kwa kuwa Kijerumani nakisoma nikawa nasoma tu. Mwalimu. Mfamasia. Fundi ngozi. Mjane wa fundi kofia. Wanaandika kazi ya mtu kwenye jiwe kabla hata ya kusema alikuwa mcha Mungu. Kuna majina ya ukoo yanayorudi rudi karne nzima afu ghafla yanakatika, au unakuta jiwe limeshaandikwa jina la mume na mwaka aliokufa, nafasi ya mke ipo wazi, mke atakuwa kazikwa Ujerumani. Haya makaburi bado yanafagiliwa. Mlinzi wake anaishi kwenye Mnara wa Wasuka Kamba hapo hapo mlangoni, ndo mnara pekee ambao mtu bado analala, niliona pazia na sufuria dirishani.

Hapo sasa mnielewe vizuri huu mji ulivyofanya kazi. Ngome ilikuwa na minara 14, imebaki 9, na ukiacha ule wa saa kila mmoja ni wa chama cha mafundi, kuna wa mafundi cherehani, wachinjaji, washona viatu, wahunzi, watengeneza ngozi, washona manyoya, wasuka kamba na mafundi bati. Chama kinajenga mnara wake kwa pesa zake, kinautunza, kinauwekea silaha, adui akija fundi anaacha sindano anapanda mnarani kwake. Hakukuwa na mtukufu aliyekaa juu akiwalinda, walikuwa wanajilinda wenyewe na kodi zao. Nlizunguka ukuta wote, inachukua saa moja na nusu ukiwa mvivu kama mimi. Ule wa mafundi bati ndo kituko, umeanza chini mraba, katikati ukawa pembe tano, juu pembe nane, afu paa pembe sita, yani kila aliyepokea kazi aliendelea na wazo lake, na bado una makovu ya risasi za waliouzingira mji 1704. Kwenye ule wa washona viatu nikakuta mtalii anauliza Dracula alikuwa anakaa ghorofa ya ngapi.

Jioni nikapanda mpaka Breite, uwanda juu ya mji wenye mialoni ya miaka mamia, minene, imejipanga mbali mbali kwa sababu zamani wakulima walichunga ng'ombe na nguruwe chini yake. Miaka ya 2001 na 2002 serikali ilitaka kujenga hapa bustani kubwa ya michezo ya Dracula, mahoteli na kila kitu. Wanamazingira wakapinga, Wasaksoni wakapinga, UNESCO ikaja juu, mpaka Charles wa Uingereza kipindi hicho akiwa mwana mfalme akasema hapana. Mradi ukafa. Nlipokuwa pale kulikuwa na familia moja imetandika blanketi na babu mmoja akaniita kwa mkono, akauliza natoka nchi gani, nikasema Tanzania, akasema alipokuwa chuo miaka ya sabini alisoma na vijana wa Kiafrika, akawataja nchi zao moja moja huku anahesabu vidole. Akanipa tikiti maji.

JUMAPILI

Biertan. Ni kijiji chini ya kilomita 30 toka hapa, mabasi ni ya shida hasa Jumapili, nikakubaliana bei na mwenye nyumba akanipeleka na gari lake. Kanisa la Biertan lina kuta tatu za kulizunguka, limejengwa kama ngome maana ndo ilikuwa kimbilio la kijiji kizima likitokea shambulio, na kuanzia 1572 mpaka 1867 ndo makao ya askofu wa Kilutheri wa Wasaksoni. Madhabahu ina picha 28. Lakini watu wanakuja kuona mlango wa sakristia, chumba cha kutunzia vyombo vya kanisa, wa mwaka 1515. Ukizungusha ufunguo mmoja makomeo kumi na kitu yanatoka kwa pamoja pande zote za mlango, juu, chini, kulia, kushoto. Nilichuchumaa nyuma ya mlango nione mashine yenyewe, vyuma vinavyosukumana kimoja baada ya kingine, hamna skrubu ya kisasa hata moja. Hazina ya kijiji ilikuwa inafichwa humo.

Na ndani ya ukuta kuna kachumba kadogo, jela ya wanandoa. Mume na mke wakitaka talaka wanafungiwa humo wiki mbili, kitanda kimoja, sahani moja, kijiko kimoja. Wanasema miaka 300 ni ndoa moja tu iliyovunjika, na watalii wote wanacheka hapo, mwongozaji anawaambia waume kaeni chonjo. Mi sikucheka sana. Nimeshakaa zamu na wanawake waliokimbia waume wao, nikawaza tu yule aliyefungiwa humo siku kumi na nne na mtu anayempiga, bila shaka alisema haraka haraka tumepatana, nifungulieni. Hao nao wamehesabiwa kwenye ndoa zilizopona.

JUMATATU

Msikae mpaka Jumatatu kama bado hamjaona makumbusho, makumbusho mengi Romania hufungwa siku hiyo. Mimi nlikuwa nimemaliza, nikashuka mji wa chini kununua jibini na jamu ya matunda pori sokoni, mama wa jibini kanipa kipande cha kuonja mara tatu kabla hajakata.

Gharama: ukitoa ndege, chumba ndo kilikula pesa nyingi kwa kuwa ni ndani ya ngome, mji wa chini ni nafuu na unapanda kwa miguu dakika kumi tu. Tembea na lei taslimu kidogo, makanisa mengi yanataka noti sio kadi. Mwisho wa Julai kuna tamasha la zama za kati, watu wanavaa mavazi ya kale na mji unafurika, kama hupendi msongamano ruka wiki hiyo. Viatu vya soli nene, sio sendo. Na treni ya kurudi Sibiu kaa dirishani, uangalie mto Târnava.